Sahihi

Tumebaki kumi na wawili,
ghorofa ya tatu ya jengo la Wizara hapa Yerevan,
radiata zikinguruma kama tumbo la mwenye njaa.
Zamani tulikuwa mia tatu. Kila Juni
walitufungia wiki mbili na kalamu nyekundu,
aprikoti kavu, chai ya mnanaa,
na marobota ya insha za taifa zima.
Sasa nimepewa kalamu nyeusi.
Kazi yangu si kusahihisha tena. Kazi yangu ni sahihi.

Mashine husoma insha elfu arobaini
kabla Aghavni hajamaliza kuvua koti.
Inatoa alama, inatoa sababu,
nami naandika chini: Hripsime Tadevosyan,
"ili mzazi akilalamika," alisema kijana wa Wizara,
"akute mkono wa mtu."
Mkono, alisema.
Hakusema jicho.

Nisijitie utakatifu.
Mwaka ule wa giza, umeme ukija saa mbili kwa siku,
nilisahihisha kwa mshumaa, na karatasi ya mia na themanini
niliipa saba kwa kuwa vidole vimeniingia ganzi
na mwandiko wake ulinichosha. Sikuirudia.
Mtoto yule sasa anakaribia hamsini,
na sijui ile saba ilimpeleka wapi.
Mashine haiingii ganzi.
Na Nazeli wa jirani, ambaye masikio hayamsaidii,
anafundishwa hesabu na hiyo akili mnemba usiku kucha;
humrudia mara ishirini bila kushusha pumzi,
mimi mara ya tatu tu hupandisha sauti.
Nalo hili lihesabiwe.

Lakini Jumatatu ilikuja karatasi ya ishirini juu ya ishirini.
Mada: Faida za Maji kwa Uchumi wa Taifa.
"Maji ni uhai, maji ni maendeleo, maji ni kesho yetu."
Aya tano, kila mkato mahali pake.
Ulaini ule naujua. Hakuiba, masikini;
mkufunzi wa simuni mwake alimpa mfano, akaumeza mzimamzima,
akaja kuutapika chumba cha mtihani.
Mashine imetunga, mashine imesoma,
mashine imejipigia makofi,
na katikati yao mtoto ameketi
kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua.
Nikaweka sahihi. Mkono ulikwenda wenyewe.

Iliyofuata ilitoka Gyumri, imepewa nne.
Zaven, miaka kumi na saba, mwandiko wa kuku.
"Bomba letu hutoa maji saa moja tu, alfajiri.
Mama huliacha wazi usiku, likikoroma tupu,
kwa sababu, anasema, ndivyo baba alivyopumua
kabla hajaenda Urusi kujengea watu nyumba.
Maji yakija tunaamka wote, tunajaza ndoo,
na hapo ndipo nyumba inanyamaza."
Basi. Hakuna uchumi, hakuna taifa.
Pembeni, kwa herufi nadhifu: Nje ya mada.

Nje?
Lugha yetu ina kukosea na ina kukosa,
na aliyekosa baba si sawa na aliyekosea mada.
Ni irabu moja tu, na mashine zote hizi
zimepita juu yake kama gari juu ya sarafu.

Ndani ya mkoba nilikuwa na ile nyekundu ya zamani,
imekauka. Nikaitia ulimi, kama tulivyozoea.
Kwenye kisanduku cha sahihi nikaandika neno moja: Nimesoma.
Nikaiingiza karatasi kwenye mdomo wa mashine.

Ikanirudishia. Sahihi haitambuliki.

Nikairudisha.

Sahihi haitambuliki.

Nikairudisha.
Kijana wa Wizara aliinua macho kutoka kwenye kioo chake.
Radiata zilinguruma.
Aghavni, bila kunitazama, akanyoosha kiganja:
"Hebu nipe hiyo kalamu, ukimaliza."